Waya wa Mreno

Jirani yangu Genovaitė hakuanza maisha na usukani. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo hapa Marijampolė, nchini Lithuania, na dereva wa nyumba ile alikuwa mumewe, Vidmantas, aliyekuwa akivuta trela hadi Uhispania na kurudi na machungwa ya kuwagawia watoto wa mtaa mzima. Kisha figo za Vidmantas zikaanza kugoma. Akavimba miguu, akavimba uso, na mwisho madaktari wakamwambia kwamba kuanzia sasa damu yake itasafishwa kwa mashine, leo ndiyo, kesho hapana, keshokutwa ndiyo, na habari za lori asahau. Hakubisha. Alirudi nyumbani, akaitia leseni yake kabatini, akaketi.

Genovaitė naye hakubisha. Alikwenda kusomea leseni ya malori akiwa mtu mzima wa makamo, darasani na vijana waliomwita mama, akafaulu, akaenda kwenye kampuni ileile ya mumewe, akawaambia, "Mnanijua. Nipeni kiti cha Vidmantas." Wakampa.

Vidmantas akabaki na mimi. Naitwa Bronius, kati ya nyumba yangu na yao kuna ua mfupi tu na mtufaha ambao hatukuwahi kukubaliana ni wa nani. Nimestaafu, mke wangu nimemzika, gari ninalo. Kwa hiyo ndimi niliyekuwa nikimpeleka kwenye mashine na kumrudisha, na ndimi niliyeyaona haya kwa upande wa nyumbani. Ya barabarani alinisimulia Genovaitė mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, maana alikuwa hachoki kuyasimulia.

Jina la Vidmantas lilikuwa kwenye orodha ya wanaosubiri kupandikizwa figo ya mtu aliyefariki. Lakini nikueleze jambo moja kuhusu mtu huyu. Alikuwa jitu la mtu, mabega kama mlango, na alikuwa anaogopa kisu cha daktari kama mtoto. Rafiki yake wa kwenye mashine, mtu mpole aliyeitwa Pranas, aliitwa siku moja akapandikizwe, akaenda akicheka, na hakurudi. Tangu hapo ukimtajia Vidmantas habari za figo mpya alikuwa anabadilisha mazungumzo, anaulizia mpira wa kikapu.

Simu ya kwanza ya hospitali ilikuja Jumapili moja ya majira ya joto, huku Genovaitė ameegesha Ufaransa. Jumapili malori hayaruhusiwi kutembea kule, kwa hiyo madereva hujazana kwenye maegesho, wanapika, wanafua, wanalala. Waya wa chaja ya Genovaitė ulikuwa umekatika shingoni. Simu yenyewe ilikuwa nzima, lakini ilikuwa ya aina yake, tundu lake la kuchajia halikufanana na la mtu mwingine pale. Akazunguka na simu mkononi kama mtu anayeuza mayai.

Aliyekuwa jirani yake pale ni Zbyszek, Mpolandi wa kampuni hiyohiyo, mtu wa maneno mengi. Akaichukua simu, akaigeuza, akaichungulia.

"Mama, huyu mnyama anakula nini? Mdomo huu mimi sijawahi kuuona."

"Acha utani, jaribu wako."

"Wangu mpana. Hapa hata nikiupaka mafuta hauingii."

Walijaribu wa Mturuki, walijaribu wa Wabulgaria wawili. Kwenye kituo cha mafuta waliuza nyaya za aina mbili, na zote mbili si zake. Simu ikazima mchana. Genovaitė hakuhangaika sana. Alijisemea kwamba kesho njiani atapata duka kubwa, na mumewe atampigia jioni. Akarudi kwenye kabini akashona kitufe.

Wakati huohuo, huku kwetu, simu ya Vidmantas ililia. Mwanamke wa hospitalini, sauti ya upole kabisa, akamwambia kwamba figo imepatikana, inaonekana inamfaa, aje hospitalini Kaunas haraka. Vidmantas alikuwa ameroweka viazi kwenye sufuria ili apunguze chumvi zake kama alivyoelekezwa. Akasimama na maji yanamchuruzika viganjani.

"Naomba niongee na mke wangu kwanza," akasema.

Tukampigia Genovaitė. Hapatikani. Tukampigia tena. Binti yao, Jovita, akapiga kutoka Vilnius analia: "Baba, nenda! Mama angekwambia uende!"

"Angeniambia, lakini hajaniambia," akajibu baba yake. Nilimvuta mkono, nilimtukana, nilimbembeleza. Hakutoka. Alikuwa anatetemeka, na aibu ya kutetemeka ilimfanya awe mkaidi zaidi. Yule mwanamke alisubiri kadiri alivyoweza, kisha akapiga mara ya mwisho na kusema kwamba figo haiwezi kukaa, kuna mgonjwa mwingine aliye tayari. Vidmantas akamshukuru. Akaweka simu mezani, akatoka kwenda kuwapa kuku chakula.

Genovaitė aliyapata haya yote Jumatatu, aliponunua waya na simu ikafunguka na kumwaga ujumbe wote kwa pamoja. Aliniambia kwamba aliegesha kando, akashuka, akashika chuma cha ukingo wa barabara kwa mikono miwili. Alipofika nyumbani baada ya zamu yake, Vidmantas alimwambia maneno mafupi: "Ile haikuwa yangu." Wala hakumlaumu. Na ndicho kilichomuuma zaidi. Alikuja kwangu jioni, akaketi jikoni bila kuvua koti.

"Bronius, mtu akikosa figo kwa sababu haikumfaa, nitaelewa. Akikosa kwa sababu ya woga wake, nitaelewa, ni mume wangu namjua. Lakini mtu anakosa figo kwa sababu ya tundu? Tundu dogo hivi?" Akanionyesha kwa ncha ya kidole.

Nilimkatia mkate.

Kuanzia hapo akawa mtu wa nyaya. Alinunua za kila aina, akazifunga pamoja na kuzitundika kabini kama fungu la mchicha. Madereva wakawa wanamjia kuazima, na nyingine hazikurudi, na nyingine zikakatika. Vidmantas akaendelea na mashine, na maji ya kunywa akipimiwa kwa kikombe kidogo. Kila mwaka alipungua kidogo. Mashati yaleyale yakawa yanamning'inia.

Kisha ikaja ile habari ya sheria. Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kuanzia mwisho wa mwaka 2024, kila simu mpya itakayouzwa katika nchi zetu zote iwe na tundu moja la aina moja, na siyo simu tu, hata vipokea sauti vya masikioni, kamera, spika na kadhalika. Kompyuta zitafuata. Kwenye maegesho ya malori jambo hilo lilizungumzwa kuliko uchaguzi.

Zbyszek alikuwa wa kwanza kuwaka. "Hawa wa Brussels hawana kazi! Leo tundu la simu, kesho watatupimia tundu la pua. Wewe Mlithuania pua yako nyembamba, utapigwa faini."

"Na wewe yako itabidi ilipiwe ushuru wa mizigo mikubwa," Genovaitė akamjibu, na watu wakacheka hadi wengine wakamwaga kahawa.

"Mama Brussels huyo!" Zbyszek akasema. "Simu yangu ni nzima. Sibadilishi mpaka ife, na ikifa nitaizika kwa heshima."

Jina la Mama Brussels likamganda. Hakulikataa. Simu yake ilipokufa masika yaliyofuata, alienda dukani hapa mjini na mimi. Muuzaji akaanza kumweleza habari za kamera na rangi. Genovaitė akainua simu, akaitazama chini palipo na tundu, kisha akachukua ya pili, ya tatu, za kampuni tofauti kabisa. Zote tundu moja. Akazirudisha, akashusha pumzi ndefu, akasema, "Nipe yoyote." Lile fungu la nyaya aliligawa. Akabaki na mmoja tu.

Na huo mmoja akausahau.

Ilikuwa katikati ya Oktoba. Ijumaa kampuni ilimwambia abadilishe lori na mwenzake aliyekuwa anaelekea Uswidi. Akahamisha blanketi, sufuria, viatu, picha ya Jovita. Waya ukabaki kwenye tundu la lori la kwanza, ukaenda zake Uswidi. Aligundua Jumapili asubuhi, akiwa kwenye maegesho kando ya barabara kuu ya Ujerumani, mvua nyembamba inanyesha, simu imezima tangu alfajiri.

Alinisimulia kwamba alisimama pale kabini, akapekua mifuko yote mara mbili. Hakuwa na sababu ya kudhani kuna jambo. Lakini ilikuwa Jumapili, na alikuwa amesimama, na simu ilikuwa nyeusi mkononi mwake. Akamgongea Zbyszek, aliyekuwa ameegesha mbele yake. Zbyszek akatoa kichwa, macho yamejaa usingizi.

"Waya ninao, Mama Brussels, lakini unajua simu yangu ni ya zamani. Hautaingia."

"Najua! Najua, ndiyo maana nataka kukupiga!"

Akaenda kwenye lori lililofuata. Palikuwa na Mreno mmoja aitwaye Adérito, mtu mfupi mwenye kipara, anajinyoa mbele ya kioo cha pembeni, vipokea sauti vimening'inia shingoni. Walikuwa hawana lugha ya kuongea. Genovaitė alimwonyesha simu, akaigeuza, akagusa tundu lake. Adérito akafuta povu shavuni, akapanda kabini, akarudi na waya. Akaonyesha vipokea sauti vyake: ni wa hivi, siyo wa simu. Akainua mabega kama anayesema tujaribu.

Uliingia. Genovaitė anasema uliingia kwa mlio mdogo, *tk*, na hajawahi kusikia mlio mtamu kama ule.

Sasa turudi huku kwetu. Mimi na Vidmantas tulikuwa tunatazama kikapu, timu ya Kaunas inacheza, na yule mwanamke wa sauti ya upole alikuwa ameshapiga. Figo imepatikana. Anaweza kufika lini? Vidmantas alikuwa amevaa koti, akavua, akavaa tena, akavua.

"Naomba niongee na mke wangu," akasema, na mimi nikahisi sakafu inazama.

Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Jovita naye anapiga kutoka Vilnius. Nikamwambia, "Vidmantas, safari hii nitakufunga kamba. Haki ya Mungu nitakufunga." Akanitazama kwa macho ya mtu anayezama, akasema, "Hebu jaribu, Bronius. Mimi mwenyewe siwezi kuinyanyua miguu."

Ndipo simu yake ikalia mezani. Jina la Genovaitė. Niliidaka kabla yake, nikaweka spika.

"Mama Jovita! Hospitali wamepiga, figo ipo, na huyu mumeo—"

"Nimeona. Nimeona ujumbe wote. Mpe." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Baba Jovita."

"Nipo."

"Umevaa viatu?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Kwenye televisheni watu walikuwa wanashangilia. Vidmantas akafunika uso kwa kiganja. "Pranas naye alivaa viatu vyake," akasema. "Akaenda anacheka."

Nilitarajia atamfokea. Hakumfokea. "Najua," alisema. "Unaogopa. Sikiliza. Mimi mara ya kwanza nilipokaa kwenye kiti chako, nyuma yangu nimefungiwa tani ishirini na kitu, nililia hadi mpakani mwa Poland. Hujui, sikuwahi kukwambia. Mpaka leo nikiingia kwenye kona ya mlima wenye barafu naogopa. Naendesha nikiwa naogopa, Vidmantas. Siyo lazima ukiogopa uache. Ogopa, lakini uwe ndani ya gari."

"Utakuwa kwenye simu?"

"Nitakuwa kwenye simu."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka wakunyang'anye."

Vidmantas akainama, akaanza kutafuta viatu chini ya meza. Mimi nilikuwa tayari mlangoni na funguo.

Genovaitė alikaa kwenye simu njia nzima ya Kaunas. Waya ulikuwa mfupi, na chaji ilitoka kwenye lori la Adérito, kwa hiyo ilibidi akae kwenye kiti cha abiria cha mtu asiyemfahamu, kichwa amekiinamisha, anaongea Kilithuania bila kukata. Aliongea habari za mtufaha, akasema akirudi utakatwa ili mimi na mumewe tuache kugombana. Aliongea habari za mvua. Adérito hakuuliza kitu. Alimwekea kikombe cha supu ya kabichi kwenye dashibodi, akashuka, akamalizia kunyoa upande uliobaki, kisha akasimama nje kwenye manyunyu na kumzuia Zbyszek asipande kuuliza maswali.

Pale hospitalini muuguzi alinyoosha mkono kuomba simu. Vidmantas, ameshalazwa kitandani, akasema, "Mama Jovita, ndio wananinyang'anya."

"Waache wachukue," akasema. "Nenda."

Akaenda. Milango ikafunguka, ikafungwa, na mimi nikabaki nimeshika koti lake, zito kama mtu mwingine.

Kule Ujerumani Genovaitė alisubiri. Hakuweza kuondoka kwa sababu ya marufuku ya Jumapili, na hata angeweza, asingeondoka. Zbyszek, ambaye sasa alishajua kila kitu, aliwaeleza wengine kwa lugha zake zote mbovu, na maegesho yale yakawa kama nyumba yenye mgonjwa. Watu walifunga milango ya kabini polepole. Mtu mmoja alileta mkate, mwingine akaleta soseji, Mreno akaleta kiti cha kukunja. Genovaitė hakula. Alikaa na ile simu pajani, waya umepita dirishani.

Jovita alikuwa amefika hospitali alasiri, tukakaa pamoja kwenye benchi. Jioni, giza lilipoanza kuingia, daktari alitoka na kofia yake mkononi, amechoka, anatabasamu. Akasema operesheni imekwenda vizuri, na figo imeanza kazi palepale, kabla hata hawajamaliza kushona. Jovita akanishika shingo. Kisha akampigia mama yake, na alichoweza kusema ni neno moja tu:

"Mama, amekojoa!"

"Nini?"

"Amekojoa! Amekojoa, mama, figo inakojoa!"

Lazima ujue kwamba Vidmantas alikuwa hajatoa hata tone kwa miaka. Watu wenye afya hawajui kwamba hicho ni kitu cha kulilia. Genovaitė aliruka kutoka kwenye kabini ya Mreno, akasimama katikati ya maegesho kwenye maji, mikono juu, akapiga kelele, "Amekojoa!" kwa Kilithuania, kisha kwa Kirusi, kisha kwa Kipolandi, kisha kwa kile Kijerumani chake cha kwenye mizani. Madereva wakachungulia. Wengine walidhani amechanganyikiwa. Zbyszek akaelewa, akamkumbatia akamnyanyua juu, mwanamke mzito vile, na mtu mmoja akapiga honi, kisha mwingine, kisha maegesho yote yakawa yanapiga honi kwa ajili ya mkojo wa mtu wa Marijampolė ambaye hawajawahi kumwona.

Baadaye alichomoa waya, akauzungusha vizuri, akamrudishia Adérito. Yule Mreno akatikisa kichwa, akamfumbisha vidole juu yake. Akamwonyesha lori lililoegeshwa upande wa pili, kisha lingine, kisha lingine: waya nitapata popote. Genovaitė akambusu kwenye kipara.

Ilimchukua siku kadhaa kupakua, kupata mtu wa kumpokea, na kufika Kaunas. Alipoingia wodini Vidmantas alikuwa amekaa, mashavu yana rangi. Hakumsalimia. Alimwonyesha mfuko wa mkojo uliotundikwa kando ya kitanda, kwa fahari, kama mtu anayeonyesha ng'ombe aliyemnunua mwenyewe.

"Tazama hiyo," akasema. "Tazama rangi. Kama bia nzuri."

"Nimeendesha kutoka Ujerumani kuja kuangalia mkojo," akasema Genovaitė, na sauti yake ikakatika katikati ya utani. Akavuta kiti, akaketi, akaweka paji la uso ukingoni mwa kitanda, na kabla Vidmantas hajapata la kujibu akawa amelala. Muuguzi alikuja kumwamsha kwa sababu muda wa wageni ulikwisha. Vidmantas akaweka kidole mdomoni, na muuguzi akageuka akaondoka.

Genovaitė alimrudisha nyumbani mwishoni mwa mwezi, na siku ya wafu ikatukuta wote mtaani. Tulikwenda makaburini mimi na Genovaitė, kila mtu na mishumaa yake, mimi kwa mke wangu, yeye kwa wazazi wake. Kilima chote kilikuwa kinawaka. Tulipomaliza alikuwa bado na mshumaa mmoja. Akaenda kwenye msalaba mkubwa langoni, pale watu wanapowasha kwa ajili ya waliozikwa mbali, akapiga magoti, akauwasha.

"Wa nani huo?" nikamuuliza, ingawa nilishajua.

"Sijui jina lake," akasema. "Wala mama yake simjui. Nimemwambia asante tu."

Tukashuka polepole kurudi mtaani. Kwao taa ilikuwa inawaka, na dirishani tulimwona Vidmantas amesimama na kikombe kikubwa cha chai, anakunywa, anajimiminia tena, na hakuna mtu aliyemkataza.